Okidi Iliyonyimwa Kaskazi



Ndugu wasomaji, kina mama na kina baba, juma hili hatukuja na mas'ala ya ndoa wala ya swaumu. Tumekuja na habari ya ua moja lililomo uani mwetu hapa Kisumu, na habari ya kosa tulilolitenda juu yake kwa muda wa miaka minne. Tumeonelea tuliandike kosa hilo kwa kuwa si kosa la bustani peke yake.

Mama mkwe wetu, Allah amrehemu, alikuwa na nyumba Kisauni, Mombasa, na katika uwa wake mlikuwa na mwembe mkongwe. Pale shina lilipogawanyika matawi, alikuwa ameifunga okidi kwa kamba ya makumbi. Haikuwa okidi ya kununuliwa dukani. Ilikuwa ile ya asili ya bara letu, ambayo wataalamu huiita Ansellia africana, na wengine huiita okidi ya chui kwa sababu maua yake ni ya manjano yenye madoadoa ya kahawia. Mashina yake husimama kama miwa myembamba. Mizizi yake mingi haishuki chini bali huelekea juu, imechongoka kama sindano, ikafanya mfano wa kikapu cha kudakia majani makavu yanayoanguka kutoka mtini. Majani hayo yakioza humo huwa ndiyo riziki yake. Wala hainyonyi mti inaoukalia kama wafanyavyo wadusi. Hushikilia gome tu, kama mgeni mwenye adabu aliyekaa barazani asiingie jikoni.

Kila mwaka, kaskazi inapoelekea ukingoni, okidi ile ilikuwa ikitoa vishada vya maua, na watoto wa mtaa wakija kuyatazama. Bibi yule akiwaambia watazame kwa macho, mikono waiweke nyuma.

Alipofariki, mali yake iligawanywa kama sharia inavyoagiza. Nyumba iliuzwa ili kila mrithi apate fungu lake, na mnunuzi akaukata mwembe apate nafasi ya kujenga. Mama watoto wetu alipokea fungu lake bila ya neno, kisha akawaomba nduguze kitu kimoja tu kilichozidi: ile okidi. Warithi wote wakaridhia. Aliifungasha katika kikapu cha ukili, akaipakata katika basi la usiku kutoka Mombasa hadi Nairobi, na kutoka Nairobi hadi huku ziwani.

Hapo ndipo kosa letu lilipoanza. Sisi, ambao tumesoma vitabu vingi na hatujapata kusoma hata kimoja cha kilimo, tulitoa hukumu. Tuliagiza kiletwe chungu kikubwa, kijazwe udongo mweusi wa uwanda wa Kano pamoja na samadi, na mmea upandwe humo. Tukaagiza uwekwe ndani ya baraza, mahali pasipofika jua, usije ukaungua. Kisha tukaagiza umwagiliwe maji kila siku baada ya alasiri.

Mama watoto akasema, "Mama hakuwa akiimwagilia."

Tukamjibu, "Mama yako alikuwa na mvua ya Mombasa. Hapa tuna mfereji."

Akanyamaza. Nasi tuliosoma tumezoea kukihesabu kimya cha mwanamke kuwa ni ridhaa, hata pasipokuwa mahali pake.

Mwaka wa kwanza mmea ulitoa majani ya kijani kibichi kilichokoza, tukajisifu. Mwaka wa pili majani yakazidi, ua hakuna. Mwaka wa tatu vivyo hivyo. Wageni wa kike waliokuja kututembelea wakaanza maneno. Huyu akasema mmea umepatwa na jicho. Yule akasema unamlilia mwenyewe, hautachanua tena mpaka Kiyama. Maneno hayo yalipotufikia tulikasirika, tukatoa darsa nzima baada ya isha kuhusu ubaya wa kuamini mikosi. Tuliyoyasema yalikuwa kweli, kwani Mtume, rehema na amani zimshukie, aliikataza itikadi ya mikosi. Lakini darsa ile ilikuwa na nusu iliyokosekana. Anayewakataza watu kusingizia mkosi, wajibu wake ni kuwaonyesha sababu, au awatafutie ajuaye. Sisi tulikataza, kisha tukaenda kulala.

Mwaka wa nne mashina yakaanza kulainika na kugeuka meusi chini. Alfajiri moja, tuliporudi kutoka msikitini, tulimkuta mama watoto amechutama mbele ya chungu, akiyabonyeza mashina moja moja kwa vidole. Mengi yalikuwa yameoza. Akatwambia bila ya kutuangalia, "Baba watoto, nyumba imeuzwa. Mwembe umekatwa. Hii ikifa, sina tena kitu cha mama chenye uhai."

Hatukuwa na jibu. Tulisimama na tasbihi mkononi, na yale maji ya kila alasiri yakatujia moyoni.

Siku hiyo hiyo tuliuchukua mmea, yeye nasi, mpaka kwa mama mmoja Mjaluo auzaye miche kando ya barabara. Aliung'oa chunguni, akaukung'uta udongo, akainusa mizizi, akacheka kwa huruma. "Sheikh," akasema, "hii si mpunga ya Ahero."

Wasomaji wetu wa Pwani huenda hawajui kwamba Ahero, karibu na Kisumu, kuna mashamba ya mpunga yanayojazwa maji. Sisi twaijua, na neno lile lilituingia.

Kisha yule mama akauliza swali ambalo sisi hatukupata kuliuliza kwa miaka minne. Hakutuuliza sisi, alimuuliza mama watoto: huko ulikotoka mmea huu, kabla ya kutoa maua huwa kuna hali gani? Naye akajibu papo hapo, kana kwamba jibu lilikuwa limeiva ulimini. Kabla ya maua kuna kaskazi, alisema. Jua kali, upepo mkavu, mvua hakuna wiki baada ya wiki. Mama yake hakuwa akiugusa mmea wakati huo. Mashina yalikuwa yakikunjamana kidogo, majani mengine yakidondoka, na watoto walipotaka kuumwagilia aliwazuia, akisema uacheni, unahesabu siku zake.

Tulikuwa tumesimama tukisikiliza elimu iliyokuwa ikiishi nyumbani mwetu, ikitupikia na kututandikia, nasi hatujawahi kuiuliza.

Tuwaeleze kwa ufupi tulichofundishwa, kwani kina mama wengi wana okidi na wanalalamika kwamba haichanui. Mizizi ya okidi hizi za mitini imevikwa ngozi nyeupe iliyo kama sifongo. Ikinyeshewa hunywa kwa pupa na kugeuka rangi ya kijani, kisha hutaka ikauke kwa hewa. Ukiifukia katika udongo unaonata, unaikaba pumzi, nayo huoza. La pili ni mwanga. Jani la okidi lililokoza kijani, ambalo sisi tulilisifu, aghalabu ni dalili ya kiza. Jani lililopata mwanga wa kutosha huwa na kijani chepesi kinachoelekea manjano. Mmea wenye njaa ya mwanga hutoa majani, hauna nguvu ya kutoa ua.

La tatu ndilo lililotuhusu zaidi. Kisumu si Mombasa. Tuko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na ziwa lina desturi yake: joto hupanda mchana, mawingu hujikusanya, na jioni radi hupiga. Ipo masika, zipo na vuli, lakini hakuna mwezi unaoweza kuapa kwamba hautanyesha. Januari na Februari ni miongoni mwa miezi iliyo mikavu zaidi, nayo ndiyo tuliyoongeza maji, kwa huruma. Mmea wa watu uliozoea kupumzika katika kiu tuliunywesha mwaka mzima. Tuliunyima kaskazi yake.

Tuliporudi nyumbani tulikumbuka kisa ambacho tumekisomesha madrasani mara nyingi. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwapita watu wa Madina wakiichavusha mitende kwa mikono, wakitia unga wa ua la dume katika la jike. Akatoa rai kwamba huenda hilo lisiwe na faida. Wakaacha, na mwaka ule tende zikaharibika. Alipoelezwa, aliwaambia kwa maana kwamba wao ndio wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Tazameni: kiumbe bora kuliko wote hakuona dhila kuwarudishia wakulima elimu yao. Sisi tulio vumbi la nyayo zake tumeshindwa kumrudishia mke wetu elimu ya mamake.

Na elimu haichagui kinywa. Vanila tunayotia katika keki za Idi ni tunda la okidi, na asili yake ni Meksiko. Ilipopelekwa kisiwa cha Réunion, karibu na Madagaska, ilimea vizuri isizae, kwa kuwa wadudu wa kuichavusha hawakuwako. Mwaka 1841 mtumwa mmoja, kijana wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius, aligundua namna ya kulichavusha ua kwa kijiti na kidole gumba. Hadi leo vanila ya Komoro na ya Madagaska huchavushwa kwa mkono namna hiyo. Mabwana wenye mashamba walifundishwa na mtoto waliyemmiliki.

Tukarudi kwa mama watoto, tukamwambia kwamba tangu siku ile amri ya okidi ni yake. Akaniuliza kama twasema kweli au twasema kwa kuwa imeshaoza. Swali lilikuwa la haki, tukalimeza.

Alikata kwa kisu safi kila kilichooza, yakabaki mashina matatu. Aliyaacha kivulini siku kadhaa jeraha likauke, kisha akayaweka katika kikapu cha mbao chenye vipande vya makaa na makumbi, bila ya chembe ya udongo. Akakitundika upande wa mashariki, chini ya ukingo wa bati, mahali panapopata jua la asubuhi na pasiponyeshewa na radi za jioni. Wakati wa masika, mizizi ilipokuwa ikikua, alimwagilia asubuhi, akangoja ikauke kabla ya kurudia. Ulipoingia Desemba alipunguza, na Januari akaacha, isipokuwa rasharasha pale mashina yalipokunjamana mno. Sisi tulipita mbele ya kikapu kila siku tukielekea msikitini, na mara mbili tulishika kata ya maji. Mara zote mbili tuliirudisha.

Kaskazi ya kwanza haikutoa kitu ila chipukizi mbili. Kaskazi ya pili, mwishoni mwa Februari, ncha ya shina moja ilifanya kitu kama ukucha. Mama watoto aliliona yeye kwanza na hakusema. Tulijua kwa kuwa alianza kuamka kabla yetu. Kishada kilipofunguka kilikuwa na maua kumi na moja, manjano yenye madoa yale yale. Aliwapigia simu nduguze wa Mombasa, akawaonyesha kwa picha, nao wakalia huko na yeye huku. Sisi tulitoka tukaenda uani, kwa kuwa hilo halikuwa letu.

Wageni wale wale wamerudi, na baadhi yao wanataka okidi. Tunawaomba jambo moja: msinunue zilizong'olewa msituni. Yule mama muuza miche alitwambia kwamba hupelekewa za kutoka msitu wa Kakamega naye huzikataa, kwani nyingi hufa mikononi mwa mnunuzi, na msitu hubaki mtupu. Biashara ya okidi kati ya nchi na nchi imewekewa mipaka na mkataba wa kimataifa wa CITES, lakini Muislamu hahitaji kungoja askari ndipo ajue kwamba kiumbe cha Allah ni amana. Ombeni kipande kwa jirani anayezikuza. Mmea ukishiba hugawanyika, na mwenye kupanda ana thawabu kwa kila anayenufaika nao, akiwa ni mtu, ndege au mnyama.

Imamu Malik, Allah amrehemu, alijulikana kwa kutoona haya kusema "sijui" mbele ya watu waliosafiri kutoka mbali kumuuliza. Tumelisomesha hilo pia kwa miaka mingi. Siku hizi tunajaribu kulisema nyumbani, ambako ni kuzito zaidi kuliko msikitini. Juzi binti yetu alituuliza jambo la mtoto wake mchanga, na jibu lilikuwa limeshafika mdomoni. Tukamwambia, "Muulize mama yako." Mama yake akatutazama, akarudi kwenye kazi yake, akamjibu.

Shina la nne sasa limekomaa. Mwaka huu, inshallah, litafungwa katika kikapu cha ukili na kurudi Mombasa kwa basi la usiku, kwa dada mkubwa, ambaye ana mwembe mchanga uani mwake.

Wabillahi tawfiq.