Viazi Chini ya Ardhi Katika Milima ya Ladakh

Kaskazini mwa India iko nchi ya milima mirefu iitwayo Ladakh. Miji yake mikuu ni Leh, ulioinuka juu ya bahari kadiri ya mita 3,500, na Kargil, ambao wakazi wake wengi ni Waislamu wenzetu. Majira ya baridi, theluji huweza kuiziba njia ya Zojila itokayo Kashmir, na usiku baridi hushuka hata digrii 20 chini ya sifuri. Mashamba hayaoti kitu.

Basi nyumba nyingi huchimba shimo mapema, zikatia humo viazi vya Kizungu na karoti, kisha zikafunika kwa majani makavu na udongo. Twauliza: udongo wafaa nini? Baridi huugandisha uso wa ardhi, lakini kila tushukapo chini nguvu yake hupungua. Kiazi kikiganda huwa teketeke. Kikipata joto huchipua. Kikipigwa na mwanga hugeuka kijani na kuingia sumu. Shimoni hupata giza, unyevu na ubaridi wa kiasi, nacho hudumu miezi.

Kwanza hapana budi kuvichagua kimoja kimoja, kwani kilichochubuka huoza na kuviozesha jirani zake. Na vingine haviliwi hata chakula kikipungua, maana ndivyo mbegu. Alaye mbegu wakati wa theluji, theluji ikiyeyuka atapanda nini?

Wahenga wetu walisema akiba haiozi. Watu wa Ladakh watwonyesha sharti lake: itunzwe.