Mapazia Meusi Ubavuni mwa Picha

Runinga hulala, rununu husimama. Tofauti hii ndogo ya mikao ndiyo chanzo cha yale mapande mawili meusi yanayojitokeza kushoto na kulia kila video iliyopigwa kwa rununu inapoonyeshwa kwenye kioo kipana. Wapo wayaitao milia, wapo wayaitao kuta. Hapa na yaitwe mapazia, kwa kuwa mtazamaji huyaona kana kwamba yamefungwa nusu na nyuma yake kuna jambo analofichwa. Hakuna analofichwa. Nyuma ya mapazia hayo hamna kitu, na hapo ndipo ugumu unapoanzia.

Hesabu yenyewe haina huruma. Kioo cha runinga nyingi huchukua pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Video ya rununu iliyoshikwa wima mara nyingi huwa kinyume chake kamili. Ili ienee yote kiooni, sharti ipunguzwe hadi kimo chake kiwe 1080. Upana nao hunywea ukabaki pikseli 608 hivi. Kila pazia basi hupata pikseli 656. Yaani picha iliyokusudiwa kutazamwa hupewa chini ya thuluthi moja ya kioo, na kila pazia ni pana kuliko picha yenyewe.

Si kwamba mapazia yalianza na rununu. Umbo la filamu lilikuwa 4 kwa 3 tangu siku za karakana ya Thomas Edison huko Marekani mwishoni mwa karne ya 19, na runinga zikalirithi. Kioo cha 16 kwa 9 kilikuja baadaye, na kanda za harusi za miaka ya 1990 zikionyeshwa humo nazo huacha mapazia, ila ni membamba: pikseli 240 kila upande. Macho huyasamehe.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, mwenyeji wa Wundanyi katika Taita Taveta, aliagizwa na jamaa zake atayarishe filamu ya dakika 12 kwa ajili ya kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu nyanyake afariki. Wajukuu walimletea vipande 31 kutoka rununu zao. Vyote isipokuwa viwili vilikuwa wima. Cha thamani kuliko vyote kilikuwa cha dakika nne: nyanya ameketi kibarazani akisuka kikapu cha mkonge, huku akieleza kwa Kidawida jinsi kitako cha kikapu kinavyoanzwa. Hakuna kipande kingine ambamo sauti yake inasikika kwa muda mrefu hivyo. Mjombake alipoonyeshwa rasimu ya kwanza, hakuficha lililomkera. "Mwanangu, mbona mama anaonekana kama anachungulia mlangoni? Jaza hizo nafasi."

Njia iliyo karibu ni kuikuza picha hadi ijaze upana wa kioo na kuacha kinachozidi kikatike juu na chini. Hii ni inkisari ya mhariri. Ila mshairi hukata silabi moja au mbili ili mizani itoshe. Hapa mistari 1312 kati ya 1920 hutupwa. Uso wa nyanya ulipobaki, mikono haikuonekana. Picha ilipoteremshwa ili mikono ionekane, kikapu kilisukwa na mtu asiye na kichwa. Programu humruhusu mhariri aihamishe picha polepole kutoka usoni hadi mikononi, na kwa mbio za baiskeli hilo lingetosha. Mtu anayesuka huku akieleza hatazamwi kwa zamu: neno linatamkwa, kidole kinaonyesha, na maana imo katika hayo mawili kwa pamoja.

Njia ya pili, ambayo vituo vya runinga huipenda mno, ni mazida. Picha hunakiliwa ikawa matabaka mawili. Tabaka la juu huachwa katika umbo lake. La chini hukuzwa zaidi ya mara tatu hadi lijaze kioo, kisha likatiwa ukungu mzito na kupunguzwa mwangaza. Programu zisizolipiwa kama Shotcut na Kdenlive hulifanya jambo hili bila taabu. Rangi za pembeni hulandana na za katikati, na jicho halishtuki. Kijana akaridhika. Mamake hakuridhika. Alitazama kwa sekunde chache akaomba tarakilishi izimwe. Nyuma ya mzazi wake aliona sura kubwa, isiyo na macho wala mdomo, ikitikisika kila marehemu alipotikisika. Katika habari za ajali ya barabarani ukungu huo haumsumbui mtu. Hapa ulikuwa mzuka. Dawa yake ipo, nayo ni kuligandisha tabaka la chini lisisogee kabisa, lakini mama alikuwa amekwisha kuona alichokiona.

Binamu yake aliyeko Nairobi akamshauri atumie akili unde, ambayo siku hizi huweza kubuni kilichokuwa nje ya fremu. Matokeo yalipendeza hata yakaogofya. Kibaraza kiliendelea kulia na kushoto, ukuta ukapata dirisha, na kando ya nyanya pakawekwa kiti kitupu. Nyumba ile haina dirisha upande huo. Na penye kiti kitupu, siku ile aliketi dadake nyanya, ambaye kicheko chake kinasikika mara mbili katika video hiyohiyo. Mashine iliombwa kujaza, ikajaza. Hapa mfano wa mazida unakoma, maana mazida hurefusha neno lililopo. Hayatungi ubeti mpya na kumhesabia marehemu. Watoto wadogo wa ukoo ule wangekua wakiikumbuka nyumba yenye dirisha, na wangekuwa tayari kuapa kwamba walilichungulia.

Ikabaki njia isiyo na sifa: rangi moja tulivu. Kijana aliichukua kutoka ukutani, mle mle ndani ya picha, kahawia ya udongo, akaififisha na kuitia mahali pa weusi. Kisha akaisogeza picha kutoka katikati hadi ukingo wa kushoto, mapazia mawili yakawa moja pana upande wa kulia. Humo aliandika maneno ya nyanya kwa Kidawida, na tafsiri ya Kiswahili chini yake. Wajukuu wengi waliolelewa Mombasa na Nairobi hawakisikii Kidawida vizuri, na maandishi yakiwekwa chini ya picha, kama ilivyo desturi, yangeifunika mikono. Tafsiri ilimchukua siku tatu, muda mrefu kuliko uhariri wote, kwa sababu majina ya misuko hayakupata visawe. Mengine aliyaacha yalivyo.

Vipande vifupi alivipanga vitatu vitatu bega kwa bega, navyo karibu vijaze kioo kizima. Viwili tu vilibaki na mapazia meusi, mjomba akanung'unika kidogo.

Likasalia suala la shuka. Filamu ingeonyeshwa uani kwa projekta, na projekta haina weusi: panapotakiwa kuwa peusi huacha tu kumulika, na shuka nyeupe jioni bado ni nyeupe. Katika jaribio la saa kumi na mbili, mapazia meusi yaligeuka kijivu, nayo kahawia haikuonekana kabisa. Mjomba akaamua maombi na chakula vitangulie, filamu ianze saa mbili usiku.