Kutoka Itiryo hadi Theluji ya Kilimanjaro

Itiryo, wilayani Tarime, ni nchi ya vilima, na sisi tuliokulia huko hatuogopi kupanda. Lakini vilima vyetu havina theluji. Kwa hiyo, katika kiangazi cha mwezi wa Agosti, tulisafiri watu wanne hadi Marangu, upande wa Moshi, tukaupanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ipitwayo na wengi.

Njia hiyo ina vituo vitatu vya kulala: Mandara, mita 2,720, ndani ya msitu, Horombo, mita 3,720, penye vichaka na mawe, na Kibo, mita 4,700 hivi, mahali pakavu pasipoota kitu. Horombo tulikaa siku ya ziada ili miili izoee hewa nyepesi. Viongozi wetu, wenyeji wa Uchagga, walikuwa na neno moja tu: “Pole pole.”

Tulitoka Kibo saa sita za usiku. Baridi ilikuwa kali hata maji yakaganda chupani. Tulipolipita pango la Hans Meyer, mmoja wetu, kijana aliyetushinda sote kwa nguvu na ambaye siku zote alitangulia, alishikwa na kichwa, akatapika, kisha akaanza kupepesuka.

Kiongozi akamwambia, “Mdogo wangu, utashuka sasa.”

Kijana akamsihi, “Kaka, kilele ki karibu. Nitasema nini nyumbani?”

Mkubwa wetu akamjibu, “Utawaambia kuwa u mzima. Mwili huu ni amana ya Mwenyezi Mungu, wala hatuna ruhusa ya kuuangamiza.”

Kijana alilia, lakini alitii, akashushwa na kiongozi msaidizi. Alipofika Horombo, maumivu yalikuwa yamekwisha. Hapana shaka kwamba dawa kubwa ya ugonjwa huo ni kushuka, kwani mwenye kukaidi huweza kujaa maji mapafuni au kuvimba ubongo, akafa.

Sisi watatu tulifika Gilman’s Point, mita 5,685, wakati wa alfajiri. Tulitayamamu, tukasali tukielekea kaskazini, Mawenzi ikiwa kuumeni kwetu. Kisha tukaendelea hadi Uhuru, mita 5,895, mahali ambapo Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha Mwenge Desemba 1961. Tuliiona barafu ing’aayo, lakini twasikitika kusema kwamba zaidi ya sehemu nane katika kumi za ile iliyokuwapo mwaka 1912 zimekwisha kutoweka.

Enyi vijana, safari hii ina mafunzo mengi, na yafaa mwifanye mkijaliwa. Jitayarisheni, mwendo uwe wa taratibu, na kiongozi akisema rudi, rudini bila ya kuona haya. Kilele hakihami, aliyerudi salama aweza kukiendea mwaka mwingine, inshaallah.