Majani ya kuharakisha uzazi: mama amwambie muuguzi

BUKAVU. "Mama, umekunywa dawa yoyote nyumbani?" Hilo ni swali dogo ambalo muuguzi anapaswa kumwuliza mama aliyefika na uchungu wa kuzaa. Mama anayeogopa kugombezwa atajibu hapana. Kisa cha majani ya Kasai, mbali na Kivu lakini katika Kongo hii hii, kinaonyesha uzito wa jibu hilo.

Miaka ya 1960, daktari Lorents Gran wa Norway alikuwa Kongo katika kazi ya Msalaba Mwekundu. Aliona wanawake Walulua wakichemsha mmea uitwao kalata-kalata na kunywa maji yake ili uchungu uende mbio. Dawa ilifanya kazi kweli. Nguvu yake ilitoka katika peptidi, yaani kipande kidogo cha protini, iliyopewa jina kalata B1.

Protini nyingi huharibika zikichemshwa, na tumbo huzisaga. Ndiyo sababu mgonjwa wa sukari huchomwa sindano ya insulini, haimezi. Lakini kalata B1 ina viungo 29 vilivyofungana kama ushanga usio na mwanzo wala mwisho, na ndani yake mna vifungo vitatu vinavyoikaza. Maji ya moto hayaivunji.

Kila chembe ya mwili imefunikwa na utando mwembamba wa mafuta. Mafuta hayo huzuia umeme, kama plastiki inayofunika waya. Watafiti walitengeneza utando kama huo maabarani, wakaupima kwa umeme mdogo sana. Walipoweka kalata B1, umeme ulianza kupita: peptidi ilikuwa imetoboa matundu. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2009. Mwaka 2013, watafiti walionyesha kwamba ndugu yake, kalata B7, hushika sehemu ileile ya chembe inayoshikwa na oksitosini, homoni inayokaza tumbo la uzazi.

Oksitosini ndiyo pia dawa ambayo hospitali hutia katika serumu ili kuongeza uchungu. Basi mama aliyekunywa majani ya namna hiyo, akawekewa serumu na muuguzi asiyejua, anasukumwa na nguvu mbili kwa pamoja. Tumbo la uzazi linaweza kupasuka, na mtoto anaweza kukosa hewa.

Kwa familia zilizokimbia vita, hatari inazidi. Huenda bibi aliyejua kipimo amebaki kijijini, na majani yanayouzwa mjini si yale aliyoyazoea.

Bibi hakudanganya aliposema majani yana nguvu. Kwa sababu hiyohiyo, yasifichwe. Mama aseme alikunywa nini, saa ngapi, vikombe vingapi. Kama majani yamebaki, ayabebe. Na muuguzi asikilize bila kugombeza, kwa maana mama akigombezwa leo, kesho atanyamaza.