Safari Yetu ya Kwenda Kuona Theluji ya Kilimanjaro

Katika mji wa Sapporo, kaskazini ya nchi ya Japani, kila mwezi wa Februari watu hukusanyika kwa sherehe ya theluji. Huchonga majumba na wanyama kwa theluji tupu, na wageni hutoka nchi za mbali kuja kutazama. Mwalimu wetu wa jiografia alipotueleza habari hiyo, alituambia kwamba sherehe hiyo ilianza kwa kazi ya wanafunzi wa sekondari, ambao mwaka 1950 walijenga sanamu sita za theluji katika bustani ya mji. Mwenzetu mmoja akanyosha mkono akasema, "Mwalimu, wenzetu wanaichezea, sisi tunayo hapa hapa Tanzania, na hata kuiona hatujaiona!" Darasa zima likacheka, lakini neno lile halikuanguka chini.

Basi tukakubaliana twende Kilimanjaro kwa siku tatu, Ijumaa hata Jumapili, mwezi wa Agosti. Kila mmoja alitakiwa alete mchango, na si wazazi wote walikuwa nao. Mchango wangu ulitoka kwa bibi, mama mzaa mama, aliyeuza mbuzi mmoja kati ya wanne aliokuwa nao. Aliponipa fedha zile alisema, "Mjukuu wangu, mimi nimechimba maji katika mchanga wa korongo tangu utoto wangu. Nasikia huko maji yamelala juu ya mlima, meupe, wala hayaishi. Nenda ukayatazame, uniletee habari ya kweli." Tangu saa ile safari haikuwa tena mchezo kwangu. Nilikuwa nimetumwa.

Siku ya Ijumaa, saa kumi za alfajiri, basi letu liliondoka Dodoma. Tulikuwa wanafunzi thelathini na walimu wawili, na baridi ya kipupwe ilitufanya tukae tumebanana kama kuku. Tulipita Kondoa, kisha Kolo, penye michoro ya kale ya mawe iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lakini hatukusimama, maana njia ilikuwa ndefu. Tukapita Babati, Makuyuni na Arusha, na jua lilipokuwa linakuchwa tukaingia Moshi. Tulichungulia madirishani kuutafuta mlima. Hatukuona kitu ila mawingu. Usiku ule tulilala Marangu, katika bwalo la shule moja iliyotukaribisha.

Jumamosi asubuhi tulifika katika lango la Hifadhi. Mzee aliyetuongoza, aliposikia tumetoka Dodoma, alitusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" nasi tukafurahi sana. Alitueleza mapema kwamba kileleni hatutafika. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895, na kwa njia ya Marangu huhitaji siku tano au sita kwenda na kurudi. Sisi tungefika Mandara tu, kwenye mita 2,700 hivi.

Tulipokuwa tukipanda, alitusimulia habari za mlima. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji hii na kuandika habari zake, na wataalamu wengine wa Ulaya wakamkatalia, wakisema haiwezekani theluji kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Na watu wa Marangu humkumbuka Yohani Kinyala Lauwo, mtu wa kwao, kuwa alikuwa mwongozaji wao. Tena, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda alisimamisha bendera yetu na kuwasha mwenge juu kileleni. Tuliposikia hayo hata waliochoka waliongeza mwendo.

Njia yenyewe ilikuwa ndani ya msitu mkubwa. Sisi tuliozoea migunga na mibuyu tulishangaa kuona miti iliyovaa ndevu za kijani tangu shinani hata matawini. Mbega walituruka vichwani na mikia yao meupe. Mvua haikunyesha, walakini tulilowa, kwa sababu ukungu uligeuka matone katika majani na kudondoka juu yetu. Kipande cha kuvumwani kilikuwa kimeanguka njiani. Nilikiokota nikakikamua, na maji yakatiririka katikati ya vidole vyangu. Nikamkumbuka bibi, anavyokaa akingoja kikombe kimoja kijae mchangani.

Tulifika Mandara saa sita, tukala mikate yetu, kisha tukapanda hadi ukingo wa kreta ya Maundi, ambako siku njema mtu huona Kibo na Mawenzi. Hatukuona kitu. Wingu lilikaa kama pazia. Tulingoja saa nzima tukitetemeka, mpaka mwalimu akasema lazima tushuke. Wenzangu wengine walikuwa karibu kulia. Mimi niliwaza habari ya mbuzi.

Tulipokuwa tunashuka nilimwuliza mzee yule, "Mzee, mito hii yote hutoka katika theluji?" Akasema, "Wengi hudhani hivyo, mwanangu. Lakini barafu ya juu ni kidogo, na nyingi hupotea hewani bila kuwa mto. Maji ya mlima huu, karibu yote, hutoka katika msitu huu unaoukanyaga." Akaeleza kwamba upande huu wa kusini hupata mvua zaidi ya milimeta 2,000 kwa mwaka, na miti huipokea pamoja na ukungu, ardhi ikayanywa maji na kuyatoa polepole katika chemchemi. Ndiyo maji ambayo wazee wa Kichaga waliyaongoza hadi migombani kwa mifereji yao iitwayo mifongo. Tena akasema barafu inakwisha: katika kila sehemu 100 zilizokuwako mwaka 1912, sehemu 85 zilikuwa zimekwisha toweka mwaka 2007. "Msitu nao," akasema, "adui zake ni moto na shoka."

Jumapili, kabla ya jua kuchomoza, tuliamshwa na kelele: "Kibo! Kibo!" Tukatoka mbio, wengine bila viatu. Mlima ulikuwa wazi wote. Theluji ilikuwa nyeupe kama chokaa, lakini haikufunika kichwa chote kama katika picha za vitabu. Ilikaa vipande vipande, na kati yake mwamba mweusi. Tulitazama kimya. Saa mbili ilipopiga wingu lilikwisha ufunika tena.

Tuliporudi nilitazama Kondoa kwa macho mengine. Mwalimu alituonyesha makorongo yaliyochimbwa na maji ya mvua, akatueleza kwamba mwaka 1973 Serikali ilianza kazi ya Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo ikahamishwa katika sehemu iliyoharibika zaidi. Kwa wafugaji lilikuwa jambo zito sana. Lakini majani yalirudi, na miti ikarudi.

Nilimpelekea bibi habari kama nilivyoziona: kwamba theluji ni maji kweli, ila inakwisha, na kwamba maji ya watu wa kule hutoka msituni. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na sisi, msitu wetu uko wapi?" Sikuwa na jibu.

Mvua zetu za Dodoma, kwa kawaida, hazifiki milimeta 600 kwa mwaka, tena hunyesha kwa msimu mmoja tu. Kwa hiyo ni sisi hasa tunaohitaji kitu cha kuzishika. Sisi wa Kidato cha Tatu tumepanda miche arobaini ya mikwaju na migunga nyuma ya bwalo, na kila jioni huimwagilia maji tuliyonawia. Haba na haba hujaza kibaba. Wasomaji wapenzi, mnaopita njia ile ya mkato kwenda uwanjani, tafadhali zungukeni. Miche bado ni midogo, na ukipita kwa haraka huioni.