Mkonge wa Muheza, Gati la Hamburg

Ulaya niliiona mara ya kwanza mwaka 1976, nikiwa na nyundo ya kugongea kutu mkononi. Nilikuwa baharia mchanga: asubuhi nagonga kutu, mchana napaka rangi, na zamu yangu ni saa kumi hadi saa mbili, alfajiri na jioni. Meli ilikuwa ya Eastern Africa National Shipping Line, shirika lililoanzishwa mwaka 1966 na Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia ili shehena zetu zisibebwe na wageni peke yao. Bendera ya tezi ilikuwa ya Tanzania. Maofisa wengi bado walikuwa wageni, lakini sitahani na jikoni tulikuwa wenyewe kwa wenyewe: Wadigo, Wabajuni, vijana wa Kisumu na Jinja, na mpishi Mzambia ambaye kwao bahari ni hadithi tu.

Tulipakia Tanga. Gati la pale lilikuwa na kina kidogo, kwa hiyo meli kubwa zilitia nanga ghubani na shehena ikaletwa kwa matishali. Yalipakiwa marobota ya mkonge, kila moja kilo 250. Mimi ni mtoto wa Muheza, kwenye mashamba ya mkonge. Robota la mkonge silihitaji kuelezwa. Baba yangu aliingia shambani akiwa manamba. Alikata majani tangu alfajiri, akayafunga matita ya majani thelathini thelathini, mpaka atimize fungu lake la siku. Majani yakaenda korona kusagwa, singa zikaanikwa juani, zikapigwa brashi, zikafungwa. Habari za mkonge nilizijua mpaka stesheni ya reli. Baada ya hapo watu wazima walisema umekwenda Ulaya, na maelezo yakaishia hapo.

Mama hakulia siku ya kuondoka. Alinifungia bizari, tangawizi na kofia ya sufu aliyoinunua mnadani, akasema, "Ukifika, leta barua kabla ya zawadi."

Bahari ya Sham ilituchoma. Chuma cha sitaha hakikanyagiki mchana, na waliofanya kazi chumba cha mashine walitoka wakiwa wamelowa kama waliotoka kuoga. Suez tulifika usiku tukasubiri kupangwa. Mfereji ulikuwa umefunguliwa Juni 1975, baada ya kufungwa tangu vita vya 1967. Meli hupita kwa msafara, moja nyuma ya nyingine, taa kubwa ikiwa imefungwa omo, na Wamisri wa kufunga kamba huja na mashua zao, ambazo hupandishwa melini. Hao jamaa hawakukaa bure. Walitandaza mikeka kwenye ujia wetu wakauza pochi za ngozi na sanamu za ngamia, huku wakitukariria bei kwa Kiswahili cha kuokoteza.

Serahangi wetu, yaani mkuu wa mabaharia wa sitahani, mzee wa Lamu, alinionyesha ziwa lililo katikati ya mfereji. "Hapa, mwanangu, meli 14 zilikwama miaka minane. Mchanga wa jangwani ukazifunika hata zikaitwa za manjano. Mbili za Kijerumani zilirudi Hamburg mwaka jana kwa mashine zao zenyewe. Ukianza kulalamika safari ni ndefu, wakumbuke mabaharia wa meli hizo."

Nilikumbuka kwa muda mfupi tu. Ghuba ya Biscay ilinilaza chini siku nzima, na tangawizi ya mama ikapata kazi.

Hamburg haiko baharini. Kutoka mdomo wa mto Elbe hadi bandarini ni zaidi ya kilomita 100, na rubani wa mto hupanda melini kuiongoza. Serahangi alinipeleka omo tukae tayari na nanga, kwa maana mtoni mashine ikizimika hakuna nafasi ya kujadiliana. Ilikuwa Oktoba, ukungu umeanza kuinuka, mikono yangu haisikii tena mnyororo. Tulipofika Schulau, katika mji wa Wedel, bendera ya ufukweni ikateremshwa nusu na kupandishwa tena, kisha vipaza sauti vikapiga wimbo wa taifa. Wetu! Sikujua kwamba pale, tangu mwaka 1952, kila meli kubwa inayopita mchana husalimiwa kwa wimbo wa nchi yake. Serahangi alivua kofia. Mpishi Mzambia akatoka jikoni na aproni yake, akasimama wima, maana kwao nao huimba kwa sauti ile ile aliyoitunga Enoch Sontonga. Baadaye alituambia kwa uso mkavu kwamba Wajerumani walikuwa wanamsalimu yeye.

Bandarini makuli waliingia na makreni yao. Mtu mmoja mwenye koti refu la kazi alifungua robota, akachomoa singa mkono mzima, akazinyoosha kwa urefu wa mkono wake, akaziinua kwenye mwanga kuangalia weupe, akaandika. Nilisogea. Ubavuni mwa robota kulikuwa na daraja la mkonge, 3L, na juu yake alama ya shamba la baba. Jasho la mzee wangu lilipewa bei pale, na mtu asiyemjua, kwa muda usiozidi wa kuvuta sigara.

Ruhusa ya kutoka tulipewa jioni. Nilivuka mto kwa miguu chini ya maji, katika handaki la mwaka 1911, nikanunua koti la mtumba, nikaandika barua. Majumba marefu hayakunishangaza sana; meli ina kimo chake. Nilichobaki nacho ni ule mkono ukizinyoosha singa.

Baadaye nilisoma kwamba mkonge wenyewe ulipitia mji ule. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg, na iliyofika kwetu ikiwa hai ilikuwa 62. Mashamba yote aliyokata baba yalianzia hapo.

Nilifanya kazi ya bahari hadi kustaafu, sehemu kubwa chini ya bendera za watu wengine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na shirika letu la meli halikukaa sana likafuata. Leo shehena yetu karibu yote inabebwa na meli za wageni, na sehemu kubwa ya mkonge bado inauzwa nje ikiwa singa. Vijana huniuliza kama Ulaya ni pazuri. Nawajibu kwamba ni pazuri kwa anayefika na chombo chake na bidhaa iliyokamilika. Asiye na hivyo viwili, nauli anapangiwa na bei anapangiwa.