Uhandisi Upi?

Matokeo ya mtihani wa taifa yakishatoka, nyumba yenye mtoto aliyefaulu hisabati huingia katika mashauri mazito kuliko ya harusi. Jamaa wote husema kwa sauti moja kwamba mtoto awe mhandisi. Kisha huulizwa, mhandisi wa nini? Hapo kila mmoja hutoa jibu lake, na aghalabu jibu hilo hutokana na kazi ya jirani aliyejenga nyumba nzuri.

Aliyeugawa uhandisi hakuwa Mungu, walikuwa watu na haja zao. Katika karne ya 18 huko Ulaya, mhandisi alikuwa mtu wa jeshi, mjenzi wa ngome na madaraja ya vita. Mwingereza John Smeaton, aliyemaliza kujenga mnara wa taa wa Eddystone mwaka 1759, alijiita mhandisi wa raia ili asihesabiwe na askari. Wahandisi wa ujenzi walianzisha chama chao London mwaka 1818. Wa mitambo wakaunda chao mwaka 1847, enzi ya magari-moshi, na wale wa simu za waya, ambao baadaye walikuwa wahandisi wa umeme, wakafuata mwaka 1871. Kila tawi lilichipuka pale kazi mpya ilipowashinda waliotangulia. Shina, hata hivyo, ni lile lile. Ndiyo maana vyuo vingi huwapa wanafunzi wa matawi yote hisabati na fizikia za namna moja katika mwaka wa kwanza, na mwenye kutaka kuhama huhama mapema bila hasara kubwa.

Mambo haya hayakujulikana katika nyumba moja ya Buyenzi, mjini Bujumbura, mtaa ambao tangu zamani ni wa Waswahili na wa mafundi wa magari. Binti wa kwanza wa nyumba hiyo alikuwa amefaulu vizuri. Baba yake, fundi wa gereji kwa zaidi ya miaka ishirini, hakuona la kuulizwa: mitambo, basi. Binti huyo alimshikia taa tangu hajatimiza miaka kumi, na aliweza kuitambua kwa sikio beringi iliyokwisha. Shangazi yake, ambaye ndiye aliyeahidi nauli na vitabu, alitaka kompyuta, kwa kuwa kijana wa jirani yake amepata kazi ya kukaa kitini penye feni. Mama alinyamaza, na kunyamaza kwa mama katika mambo kama haya si kukosa neno.

Wote walikuwa wakiuliza mshahara, ilhali masomo huchukua miaka na soko la kazi halimngojei mtu. Swali lenye faida zaidi ni hili: kijana yuko tayari kuamka kila siku na tatizo la namna gani?

Mwenye kuchagua umeme ataamka na hesabu isiyotulia. Umeme hauwekwi ghalani ndani ya nyaya. Unaozalishwa hauna budi kulingana na unaotumiwa kila nukta, ama sivyo mizunguko 50 kwa sekunde hupungua au kuzidi, na mitambo hujizima. Burundi ina bwawa la Rwegura la megawati 18 tangu mwaka 1986, kituo cha jua cha Mubuga cha megawati 7.5 tangu mwaka 2021, na theluthi ya megawati 80 za Rusumo pamoja na Rwanda na Tanzania. Jua huzama saa ile ile watu wanapowasha taa. Kupatanisha vyanzo hivyo ni kazi ya maisha ya mtu. Wa mitambo naye hupambana na uchovu wa chuma, kwani mhimili uliobeba mzigo mwepesi mara milioni moja huweza kukatika kwa mzigo ambao siku ya kwanza haukuutikisa. Baba wa Buyenzi aliujua uchovu huo kwa mikono yake; hesabu yake tu ndiyo hakupewa. Kemikali ni sukari, sabuni na maji safi ya bomba. Ama kompyuta, yule kijana wa penye feni hukesha mtambo unapogoma, jambo ambalo shangazi hakuambiwa.

Binti alikuwa na tatizo lake tayari. Bibi yake mzaa mama anakaa Nyakabiga, karibu na mto Ntahangwa. Kila masika mto hushuka kutoka milimani na matope, ukala kitako cha ukingo, na ukingo ukaanguka kutoka juu. Miaka mitatu iliyopita, kutoka ukuta wa nyuma wa nyumba ya bibi hadi kwenye ufa zilikuwa hatua kumi na nne. Sasa ni tisa. Binti huyo pia hajasahau Februari 2014, alipokuwa mdogo sana, mafuriko ya usiku mmoja yalipoua zaidi ya watu 60 katika mitaa ya kaskazini ya mji.

“Baba,” alisema, “gereji inakutegemea wewe, na kaka yupo. Kwa bibi hakuna anayejua kwa nini udongo unakimbia.”

Sababu yenyewe hufundishwa katika uhandisi wa ujenzi. Chembe za udongo hushikana kwa kusuguana. Maji yakijaa kati yake huzisukuma, na mshiko hupungua. Ukuta wa zege usio na matundu huyazuia maji hayo nyuma yake mpaka yakausukuma ukaanguka. Makapu ya waya yaliyojazwa mawe huyapitisha maji, tena hujipinda bila kupasuka. Watu wa ukingoni humwaga takataka na vifusi wakidhani wanajaza shimo, kumbe wanauongezea mzigo ukingo uliochoka.

Baba aliumia, wala hakuficha. Gereji ile ndiyo iliyolipa karo. Hata hivyo mama alipofungua kinywa alisema neno moja tu, kwamba mwenye nyumba ile ya Nyakabiga ndiye aliyemzaa. Fomu ikajazwa: ujenzi kwanza, mitambo na umeme pili. Baba akauliza udongo hupimwaje. Alipoelezwa kwamba sampuli huchukuliwa kwa bomba, alikata bomba la chuma la nusu mita, akaunoa mdomo wake kwa jiwe la umeme, akalisimamisha pembeni mwa gereji.

Shangazi amesema nauli itatoka, ila kompyuta lazima aisome. Na ataisoma, kwa kuwa hesabu za kingo siku hizi hufanywa humo.